Mama Scola Ajifunza Kupotea Bergen

Tarehe 6 Agosti 2024, ofisi ya Uhamiaji mkoani Manyara ilimkabidhi Paskalina Damasi, mkulima wa Singe mwenye umri wa miaka hamsini na minane, pasipoti yake ya kwanza. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akapanda bajaji, na badala ya kwenda nyumbani akateremka kwa Mwamvita.

Mwamvita Hatibu anauza vitenge na mashuka karibu na soko kuu la Babati. Anajuana na Paskalina tangu binti zao, Scola na Najma, waliposoma darasa moja, na tangu arudi kuhiji mwaka uliopita, Paskalina hakosi kumchokoza.

“Shikamoo, Hajati.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Leta hicho kitabu nikione.” Mwamvita aliifungua pasipoti, akaitazama picha kwa muda. “Mbona umenuna hivi? Watadhani unafukuzwa nchini.”

“Walisema nisicheke.”

“Walisema usicheke, Mama Scola. Hawakusema ulie.”

Paskalina hakuwa na hamu ya utani siku hiyo. Scola, binti yake wa pekee, ni muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee huko Bergen, Norwei, na alikuwa na ujauzito wa kwanza. Mtoto alitazamiwa mwishoni mwa Novemba. Kwa watu waliotoka Mbulu kama Paskalina, mzazi wa kwanza hulelewa na mama yake: humpikia uji wa ulezi wenye samli, humkanda kwa maji ya moto, humshikia mtoto ili naye apate usingizi. Mama aliye hai na mwenye nguvu zake asipokwenda, ukoo mzima hutaka kujua kulikoni.

Ila ukoo huohuo ndio uliokuwa na wasiwasi naye. Miaka kadhaa iliyopita Paskalina alikwenda Dar es Salaam kwenye mahafali ya Scola. Akapitiliza kituo. Akashuka, akapanda gari lingine, nalo likampeleka mbali zaidi. Scola alimkuta jioni Mbagala, ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi, na polisi mmoja amemnunulia soda. Kisa hicho kilisimuliwa kwenye kila sherehe ya familia, na kila kiliposimuliwa kiliongezewa kidogo, mpaka benchi likageuka mahabusu.

Msimulizi mkuu alikuwa Damiani, kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Damiani anaishi Sigino, ana sauti nzito na moyo mwema, na tangu mdogo wake afariki hakuna jambo kubwa lililoamuliwa nyumbani kwa Paskalina pasipo yeye. Isitoshe, Paskalina akiondoka kwa miezi mitatu, ng'ombe wake wangehamia zizini kwa Damiani. Bila neno lake hapakuwa na safari.

“Mbagala ni Tanzania, shemeji,” Damiani alisema alipoambiwa. “Na watu wake wanasema Kiswahili. Huko utamuuliza nani?”

Swali hilo ndilo lililompeleka dukani kwa Mwamvita.

“Mimi Makka niliizunguka kwanza hapahapa,” Mwamvita alisema, akipiga kofi stuli yake. “Mwezi mzima. Lango la kuingilia, hoteli yetu, vyoo viko wapi. Nilipofika mwenyewe nikawa ninawaelekeza wenzangu. Vuta kiti.”

Alifungua ramani kwenye simu, ile inayokuruhusu kuingia mtaani na kwenda mbele kwa kugusa kwa kidole. Wakaandika jina la mji. Mara Babati ikatoweka na wakajikuta wamesimama barabarani Bergen, nyumba za mbao nyeupe zimepanda mlima kama zinafukuzana, lami imelowa, na watu wamesimama wima kana kwamba wameambiwa wasitikisike.

Paskalina alisogeza uso karibu na kioo. “Mama Najma, mbona hawa watu hawana nyuso?”

“Wamewafuta ili wasijulikane.”

“Sasa mtu akikusalimia utamjuaje?”

“Hawasalimii. Twende mbele.”

Wakaenda. Kila alasiri baada ya kazi za shamba, kipindi chote cha mavuno ya mbaazi, Paskalina alikaa kwenye kiti kile kati ya marobota ya vitenge na kutembea Norwei. Scola alimweleza kwamba kutoka uwanja wa ndege kuna treni ndogo inayopita mjini, na kwamba atashuka kituo kinachoitwa Danmarks plass, kisha apande kilima kwa miguu. Kipande hicho cha mwisho ndicho alichokikariri. Wateja walizoea kumkuta akinong'ona na simu. Mwamvita aliwaambia mgeni wake yuko Ulaya kidogo, anarudi saa kumi na mbili.

Jumapili moja ya Septemba, baada ya misa, kikao cha familia kilikaa sebuleni kwa Paskalina. Alikuwepo Damiani, na dada yake Skolastika, shangazi yake Scola, ambaye hucheka kabla mzaha haujaisha. Mwamvita aliunganisha simu yake na televisheni. Kwenye simu ya Paskalina alikuwepo Scola mwenyewe, amejilaza kwenye kochi huko Bergen.

Na Scola alikuwa na habari. Daktari amemwambia apumzike, asitembee umbali mrefu. Mume wake Wiliam, mtoto wa palepale Sigino, yuko kaskazini kabisa kwenye mabwawa ya samaki, na zamu yake inaisha karibu na siku ya kujifungua. Wahudumu wa ndege watamshika Mama mkono Amsterdam hadi ndege ya pili, hilo limeshaandikwa kwenye tiketi. Lakini pale Bergen, yeye mwenyewe hataweza kwenda kumpokea. Kuna rafiki wa kazini ambaye atakwenda kama atapata ruhusa.

“‘Kama’ haisafirishi mtu,” alisema Damiani.

“Sihitaji kupokelewa,” Paskalina alisema. “Tazameni.”

Akaanza. Alikuwa na fahari, na haikujificha. “Hapa nashuka kwenye treni. Navuka barabara. Namwona yule mzee wa koti jekundu kwenye benchi, kwake napinda kushoto. Nakwenda mpaka kwa dada mwenye kigari cha mtoto. Hapo naanza kupanda, mpaka kwa kijana anayeosha dirisha. Nyumba inayofuata ni ya Scola.”

Ilikuwa njia nzuri, imeelezwa vizuri, na mtu yeyote wa Babati angeielewa. Ndivyo tunavyoelekezana. Shuka kwa fundi baiskeli, panda mpaka kwa mama wa vitumbua, hapo ulizia. Jengo leo lina rangi ya kampuni hii ya simu, kesho ya kampuni ile. Mama wa vitumbua yuko palepale tangu wanawe hawajaanza shule.

Damiani akaigeukia simu. “Scola mwanangu. Huyo mzee wa koti jekundu unamfahamu?”

“Mzee yupi, baba mkubwa?”

“Huyu anayekaa kwenye benchi hapo kituoni kwenu.”

“Hakuna mzee hapo.” Scola alisita. “Mama, hizo picha ni za zamani. Tazama pembeni chini, kuna mwaka.”

Mwamvita alisogea kwenye televisheni akasoma. Mwaka 2016. Mwaka huo Scola mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona Norwei.

“Kwa hiyo,” Damiani alisema taratibu, “yule mtoto wa kwenye kigari sasa hivi yuko darasa la tatu.”

Shangazi Skolastika aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Damiani hakukomea hapo. “Na hicho kituo, shemeji, kinaitwaje?”

“Danmarks plass.”

“Denmark? Hiyo si nchi nyingine? Unakwenda Norwei, unashukia Denmark! Jamani, Mbagala imehamia Ulaya.”

Hata Scola alicheka. Paskalina alichukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. Damiani alipoona hivyo alishusha sauti. Alisema hakatai kwa ubaya. Alisema mdogo wake akifufuka leo atamuuliza, “Mke wangu umempeleka wapi?” Apatikane mtu wa uhakika wa kumpokea, au Scola alelewe na marafiki zake wa huko. Watakaa tena Oktoba.

Siku iliyofuata Paskalina hakwenda dukani. Siku ya pili alikwenda, akakaa, asiiombe simu. Mwamvita alikata kitenge cha mteja, akakikunja, akampa, akarudi.

“Usimsikilize shemeji yako. Tutatafuta alama nyingine. Tutatumia nyumba badala ya watu.”

“Alama nitatafuta,” Paskalina alisema. “Lakini si hilo. Dar nilikuwa ninaijua njia, Mama Najma. Scola alinieleza vizuri, nilikuwa nayo kichwani kama Baba Yetu. Nilichokuwa sikijui ni kila kitu kilichokuwa pembeni ya njia. Nilipotoka kidogo tu, nikawa sipo popote.”

“Enhe?”

“Nipoteze.”

“Nini?”

“Shika simu. Niweke mahali nisipopajua kabisa, halafu nitoke mwenyewe. Kila siku mahali pengine. Usinisaidie.”

Mwamvita alimtazama rafiki yake kwa macho ya mtu anayepima kitambaa. Kisha akafumba macho, akachapa kidole kwenye ramani ya Bergen, akamkabidhi simu.

Mara ya kwanza Paskalina aliangukia msituni. Kulikuwa na miti mirefu pande zote na kibao chenye mchoro wa mtu anayetembea. Alizunguka mpaka duka likafungwa na hakutoka. Mara nyingine alijikuta ndani ya handaki la magari, mara nyingine uani kwa mtu, mbele ya nguo zilizoanikwa, akaona aibu akaomba radhi kwa sauti. Lakini kadiri alivyopotea ndivyo mji ulivyoanza kumwonyesha umbo lake. Bergen, aligundua, ni milima na maji. Naye alizaliwa kwenye miteremko ya Mbulu, ambako mtoto akipotea na mbuzi huambiwa ashuke, kwa maana chini kuna mto na penye mto kuna watu. Akaanza kushuka. Popote Mwamvita alipomtupa, alitafuta upande ambao barabara inainama, akaufuata mpaka maji yaonekane. Akiwa huko chini alitafuta reli. Na reli ile, akiishaipata, ina ncha mbili tu: moja mjini, nyingine uwanja wa ndege.

Lilibaki suala la kusoma. Majina ya vituo yalikuwa na herufi zilizokatwa mkwaju katikati, na treni haikai ikakungoja usome. Ni Mwamvita aliyepata jibu bila kulitafuta. Alifungua video ya safari nzima ya treni ile, iliyopigwa kutoka mbele kwa dereva, akaiacha icheze huku anahudumia wateja. Kutoka kwenye kiti chake Paskalina akasema, “Kuna kitu kinaimba.”

Ni kweli. Katika treni ile, kila kituo kina muziki wake mfupi, unaopigwa kabla ya kutajwa jina. Wenyeji pengine hawausikii tena. Paskalina anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa tangu ujana wake, na kwaya yao hujifunza nyimbo kwa noti kwanza, do re mi, kabla hawajagusa maneno. Alifanya vivyo hivyo. Aliuchukua wimbo wa kila kituo, akauvunja kwa noti, akaurudia akipalilia bustani, akikamua, akichota maji. Kimoja, alisema, kilimkumbusha mwanzo wa wimbo wa matoleo. Mazoezini Alhamisi moja mwalimu wa kwaya alisimamisha watu wote akauliza ni nani anayeimba kitu kisichokuwepo kwenye karatasi. Paskalina alikuwa ameingia Kronstad, kituo kimoja kabla ya chake.

Viza ilitoka mwanzoni mwa Oktoba. Jumapili ya tarehe 13, kikao kilikaa tena, watu walewale, sebule ileile. Scola alikuwa hewani, tumbo limekua, sauti imepungua.

Damiani hakusubiri chai. “Leo hatuonyeshwi,” alisema. “Leo simu nashika mimi.”

“Shika, shemeji.”

Akaiangalia ramani kama anayechagua mahali pa kumpiga mtu, akabonyeza. Kwenye televisheni pakatokea barabara nyembamba yenye nyumba za mbao, gari moja bovu na paka.

“Upo wapi hapo?”

“Sipajui,” Paskalina alisema. “Nizungushe taratibu. Taratibu, si kama bajaji.” Damiani alimzungusha. “Basi. Barabara inainama huku. Twende.”

Wakashuka. Pembe moja, ya pili, kisha picha ikagoma mbele ya ngazi za mawe.

“Umekwama,” alisema Damiani.

“Simu ndiyo imekwama. Mimi nina miguu. Lakini sawa, nirudishe, tupite kulia.”

Walipita kulia. Shangazi Skolastika alikuwa ameacha kucheka, ameinama mbele. Barabara iliendelea kuteremka, ikakata, ikateremka tena, na kati ya majengo mawili maji yakaonekana, ya kijivu, bapa. Paskalina aliomba kushoto, akaomba mbele, na hatimaye zikatokea pau mbili za chuma zimelala barabarani.

“Reli,” alisema Mwamvita, ambaye alikuwa ameahidi kutosema neno.

“Haya, panda treni basi,” Damiani alisema. “Lakini usiangalie. Kwenye ndege utakuwa umechoka, macho yatakuwa mazito. Geuka.”

Paskalina aligeuza kiti, akaipa televisheni mgongo. Mwamvita akaweka ile video kuanzia uwanja wa ndege, akairusha mbele mara kwa mara ili wasikeshe. Kila muziki ulipolia Paskalina alitaja kituo bila kugeuka, na Scola akathibitisha kwenye simu: ndiyo, mama. Ndiyo. Ndiyo.

Ndipo Damiani alipokohoa, akamgeukia dada yake, akaanza kusimulia kwa sauti yake nzito kisa cha Mbagala. Alikianza mwanzo kabisa, soda ikiwemo. Mwamvita alimkazia jicho, Damiani hakujali. Alikuwa anajua anachofanya.

Muziki ukalia, mwingine ukalia. Paskalina aliinua mkono.

“Nimepitiliza.”

Mwamvita alisimamisha video.

“Umefika wapi?” aliuliza Damiani.

“Kituo kinachofuata. Kinaitwa Florida.”

“Yesu!” alisema Shangazi Skolastika. “Amefika Marekani!”

Safari hii aliyecheka wa kwanza alikuwa Paskalina. “Nashuka hapa hapa,” alisema, bado ameipa televisheni mgongo. “Sipandi gari lingine lolote. Navuka upande wa pili wa reli, nangoja treni inayorudi uwanja wa ndege. Kituo kimoja tu. Ukilia wimbo wa kwangu, nashuka.” Akauimba, kwa noti, sauti ya pili. “Nikishuka kuna barabara kubwa, naiacha nyuma yangu. Ukuta mrefu wa mawe mkono wa kushoto. Ngazi zenye chuma cha kushikilia, hizo sizipandi. Napita njia ya mzunguko mpaka nyumba yenye namba aliyonipa Scola, mlango uko ubavuni, si mbele. Kama mvua inanyesha ni hivyohivyo. Kama giza limeingia ni hivyohivyo. Ukuta haufi, shemeji, wala haubadilishi koti.”

“Ni sahihi?” Damiani aliiuliza simu.

“Mimi mwenyewe huo ukuta sikuwa nimeuangalia,” alisema Scola. Alikuwa anafuta macho. “Ni sahihi, baba mkubwa. Yote.”

Damiani aliweka simu mezani. Akachukua kikombe cha chai, akakiona kitupu, akakirudisha. Wote walimngoja.

“Shemeji,” alisema, “ng'ombe wako wanakunywa maji saa ngapi?”

Shangazi Skolastika alipiga vigelegele vilivyomtoa jirani nje. Mwamvita alimkumbatia Paskalina kiti na vyote. Kwenye simu Scola alikuwa analia na kucheka na kumwambia mama yake alete samli nyingi, na Damiani alikuwa tayari anaeleza, kwa yeyote aliyetaka kusikia, jinsi alivyoongoza mtu kutoka milimani Bergen hadi kituoni bila kupotea.

Wiki iliyofuata rafiki wa Scola alipata ruhusa kazini. Alituma ujumbe kwamba yuko huru kwenda uwanja wa ndege kumpokea mgeni. Paskalina aliusikiliza ujumbe ukitafsiriwa, akaomba usomwe tena, kisha akamwambia Scola amshukuru sana yule dada na amwambie aende kazini.

Jumanne ijayo, tarehe 12 Novemba, Paskalina Damasi anapanda basi la asubuhi kwenda Arusha, na jioni hiyo anaondoka na ndege kutoka Kilimanjaro. Atatua Bergen Jumatano mchana na kupanda treni peke yake.